Safari ya kufuata pipa la bia, London mpaka Sheffield

Jumatatu, London

Bosi wangu ndo kanituma. Mkataba wa pabu yetu, yaani baa ya Kiingereza, na kampuni iliyokuwa inatulazimisha tununue bia kwao tu unaisha mwisho wa mwezi huu wa tisa, baada ya hapo tunanunua kwa tunayemtaka, akaniambia wewe ndo unashinda na mapipa kule chini basi nenda kaone wenzetu wanatoa wapi mzigo na wanautunzaje, nauli ya treni juu yangu. Nikafunga begi siku hiyo hiyo maana hili jambo nimelisubiri muda mrefu sana.

Kwa ambao hamjaishi huku niwaeleze kidogo, maana nikisema bia wengi mnawaza chupa ya baridi au kegi. Kegi bia yake kwa kawaida imeshachujwa, mara nyingi hamira imeshauawa kwa joto, na gesi inaisukuma mpaka kwenye glasi bila hewa kugusa ndani, ndo maana inakaa. Bia ya pipa ya Waingereza, hizi za aina ya eli, ni kitu kingine kabisa. Inaingia kwenye pipa ikiwa na hamira hai, inaendelea kuchacha humo humo, gesi inajitengenezea yenyewe, halafu mhudumu anaivuta kwa pampu ya mkono. Kila painti unayovuta hewa inaingia pipani kuchukua nafasi yake, na hewa ndo inaiua. Ikishatobolewa una siku tatu za kuiuza ikiwa nzuri, baada ya hapo inaanza kulegea, inapoteza harufu, mwisho inakuwa siki. Mimi mtu wa Moshi sikuhitaji darasa refu, mbege ya juzi kila mtu kwetu anaijua.

Hii bia ilikaribia kufa kabisa miaka ya sitini na sabini, viwanda vikubwa vilipenda kegi kwa sababu haina usumbufu. Mwaka 1971 vijana wanne wa Kiingereza wakiwa likizo Ireland wakaanzisha chama cha kuitetea, CAMRA, na mpaka leo chama kipo na kina nguvu.

Jioni nikapita The Harp, pale karibu na Covent Garden. Kapabu kembamba, pampu kibao, na bia zote zimesimama vizuri, safi, zina uhai. Kampuni ya Fuller's iliinunua 2014 lakini ikaiacha iendelee kuuza bia za viwanda vidogo, uamuzi wa busara sana. Kwa nini pampu nyingi vile zinawezekana pale? Watu. Wamejaa mpaka barabarani, pipa halipati muda wa kuzeeka.

Nikatoka hapo nikaingia pabu nyingine siitaji jina, ukumbi mkubwa, pampu kumi zimejipanga kaunta kama gwaride na wateja ndani hawafiki kumi na tano. Nikaagiza painti, siki. Nikabadilishiwa bila ubishi, ya pili haikuwa siki ila ilikuwa na ile ladha ya karatasi iliyolowa, hewa imeshafanya kazi yake. Sasa pigeni hesabu na mimi. Pipa la kawaida la pabu, wanaliita firikini, ni galoni 9, yaani painti 72, karibu lita 41. Siku tatu za uhai, kwa hiyo kila pampu inatakiwa itoe painti 24 kwa siku. Pampu kumi ni painti 240 kila siku za bia ya pipa peke yake, Jumatatu ya mvua! Hazitoki. Kiwanda kimetengeneza vizuri, dereva kaleta vizuri, halafu bia inafia mikononi mwa mtu anayetaka kaunta yake ionekane imejaa. Hili linaniuma kwa kweli.

Jumanne, Kent

Treni ya asubuhi mpaka Faversham. Mwezi wa tisa ndo mavuno ya hopsi, yale maua ya kijani yanayoipa bia uchungu na harufu, na Kent ndo nyumbani kwa hopsi za Goldings. Kawaida yanakaushwa kwenye matanuri, yanabanwa kwenye magunia, yanatumika mwaka mzima. Lakini kila msimu huu viwanda vidogo vya hapa vinatengeneza bia ya hopsi mbichi, ua linatoka shambani na linaingia kwenye sufuria ndani ya saa 24, wengine wanataka saa 12 isizidi, maana ua bichi limejaa maji na likirundikwa linapata joto na kuanza kuoza. Hapo umbali ndo kila kitu, huwezi kuifanya ukiwa mbali na shamba.

Nikapewa ua moja nilisugue mkononi, ukilipasua katikati unaona unga wa njano unanata kwenye vidole, harufu yake kama maganda ya chungwa yaliyochanganyika na nyasi zilizokatwa sasa hivi, nimenawa mara mbili na harufu ipo bado naandika hapa naisikia.

Mchana nikaenda upande wa Herne Bay. Huko kijijini Herne ndiko mikropabu ya kwanza ya nchi hii ilipofunguliwa, 2005, bwana Martyn Hillier alichukua duka la zamani la nyama akaligeuza pabu, The Butchers Arms. Mwaka huo huo sheria mpya ya vibali vya pombe ilianza kutumika na ikawa rahisi zaidi kwa mtu wa kawaida kupata kibali. Wazo lake lilikuwa dogo sana, chumba kimoja kidogo, hakuna muziki, hakuna mashine za kamari, bia inatoka moja kwa moja pipani bila hata pampu. Sasa hivi mikropabu zimeenea nchi nzima, nyingi kwenye maduka yaliyofungwa.

Niliyokaa mimi ni nyingine, mama mmoja anaiendesha na mumewe. Mapipa manne tu yamelala kwenye chumba cha baridi nyuma ya kioo, mteja anayaona. Nikamuuliza unachaguaje, akasema naangalia watu wangu, Jumanne mpaka Alhamisi natoboa mawili, Ijumaa nayafungua yote, na likiisha limeisha naandika ubaoni limeisha, hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa bia fulani. Ananunua kwa viwanda vitano vya jirani, anampigia mtengenezaji mwenyewe simu, analetewa na mtengenezaji mwenyewe. Bia niliyokunywa ilitoka kiwandani wiki iliyopita. Nikaongeza nyingine.

Jumatano, Lewes

Sussex. Kamji kapo kwenye mlima, na mtoni kabisa kuna kiwanda cha Harveys, kipo tangu 1790, ukivuka daraja unasikia harufu ya kimea kinachopikwa. Hamira yao walichukua kwa John Smith's wa Tadcaster mwaka 1957 na wanaizalisha wenyewe mpaka leo, kila mpiko unaachia mbegu kwa mpiko unaofuata. Nimependa sana habari hiyo.

Ila kilichonileta ni pabu ya The Lewes Arms. Mwaka 2006 mwenye pabu alikuwa Greene King, kiwanda kikubwa kilichopo Bury St Edmunds, zaidi ya maili 100 kwa barabara, na mwezi wa kumi na mbili wakaamua kuiondoa bia ya Harveys pale kaunta wauze zao tu. Kisheria haki ni yao, pabu ni yao. Wateja wakagoma. Siyo kugoma kwa maneno, walisimama mlangoni majira ya baridi wakawaomba watu wasiingie, na watu kweli hawakuingia, mauzo yakaanguka, magazeti ya taifa yakaja. Siku 133. Aprili 2007 kampuni ikarudisha Harveys.

Nilikaa pale na painti ya Sussex Best ya Harveys nikawaza hawa watu walikuwa wanapigania nini hasa. Mazoea yapo, mapenzi ya mji wao yapo. Lakini pia ni bia iliyotengenezwa mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka kwenye kiti ulichokalia, haijalala kwenye ghala la mtu yeyote, na ukiinywa unajua. Hapo ndo nikaanza kuelewa kwamba swali la bosi wangu, tununue wapi, na swali langu, bia ikae vipi freshi, ni swali moja.

Alhamisi, Burton upon Trent

Safari ndefu, treni mbili zimechelewa. Burton ndo ulikuwa mji mkuu wa bia wa dunia, maji ya visima vyake yana jasi nyingi na yanaifanya bia ya uchungu iwe kavu na safi, bia changa ya hapa hata ina kaharufu ka kiberiti kidogo na wenyeji wanakapenda. Alama ya biashara ya Bass, kiwanda cha hapa, ile pembetatu nyekundu, ilikuwa ya kwanza kusajiliwa Uingereza, 1876. Nilikunywa Bass The Coopers Tavern, inachotwa pipani.

Mji wa leo unasikitisha kidogo lakini ni mahali pazuri pa kuelewa huu mfumo wa pabu kufungwa na mkataba inunue bia kwa mwenye nyumba tu. Zamani viwanda vikubwa vilimiliki pabu maelfu kwa maelfu na kila pabu iliuza bia ya mwenye nyumba. Serikali ikaingilia 1989, ikasema kiwanda chenye pabu zaidi ya 2,000 kipunguze, na mpangaji awe na haki ya kuweka bia moja ya pipa ya mgeni, yaani ya kiwanda kingine. Wazo zuri. Ila viwanda vikauza pabu zao kwa kampuni mpya ambazo hazitengenezi hata chupa moja, na kwa kuwa hazikuwa viwanda ile sheria haikuzigusa, zikawafunga wapangaji vile vile. Mwaka 2016 zikaja kanuni nyingine za Uingereza na Wales, kampuni yenye pabu 500 au zaidi za mikataba hiyo, mpangaji anaweza kwa masharti fulani kudai alipe kodi ya nyumba tu na bia anunue popote. Najua watu walioipata hiyo haki, wametoa jasho.

Ijumaa, Derbyshire

Shemeji yangu, mume wa dada, anaendesha vani ya kiwanda kimoja kidogo huku, na leo alikubali nipande naye. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi tuko getini tunapakia. Pipa moja likijaa linazidi kilo 50, shem analizungusha kwa ukingo wake kwa mkono mmoja huku anaongea na simu. Kila pipa lina lebo, jina la bia, asilimia ya kilevi, namba ya mpiko na tarehe ya mwisho. Tarehe wanaandika wiki sita hadi nane mbele, lakini hiyo ni kama pipa halijafunguliwa na limekaa ubaridi wa kati ya nyuzi 11 na 13. Akaniambia, "Shem, tarehe usiiangalie peke yake, muulize mtu hili pipa lililala wapi." Na hilo ndo somo kubwa la safari yote hii.

Maana kuna njia tatu pipa linafika pabu. Ya kwanza ni hii yetu, kiwanda kinapeleka chenyewe, leo tunazunguka labda maili 30 tu na mapipa tuliyobeba yalikuwa kiwandani jana. Ya pili ni muuzaji wa jumla, ambaye wengine ni wazuri sana, wana ghala la baridi na mzigo hauzeeki, na wengine mapipa yanasubiri oda mpaka nusu ya uhai inaisha kabla hujaliona. Ya tatu ni kupitia ile kampuni yenye pabu. Chama cha viwanda vidogo, SIBA, kina mpango wake ambao kiwanda kinapeleka pipa chenyewe kwenye pabu iliyofungwa na mkataba ila malipo yanapita kwa kampuni. Bia inafika freshi, hilo nashukuru, lakini bei anayolipa mpangaji siyo anayopata mtengenezaji, kampuni inabaki na chake katikati, na mtengenezaji wa mapipa machache hilo pengo analisikia.

Halafu kuna kubadilishana, hii sikuijua. Mchana tulisimama kiwanda kingine tukashusha mapipa yetu kadhaa na tukapakia ya kwao idadi ile ile. Wao watauza ya kwetu kwa wateja wao na sisi ya kwao kwa wateja wetu. Hivyo pabu ya kijijini inapata bia mgeni bila ghala la mtu wa kati. Nilifurahi mno kuona hivi.

Pabu ya nne au ya tano, mwenyewe mzee wa makamo, akaniruhusu nishuke naye chini. Wanaliteremsha pipa kwenye njia ya mbao kutoka dirisha la barabarani, chini kuna mto mnene limeangukia, kishindo chake unakisikia kifuani. Akalilaza kwenye fremu, akatia kabari lisitikisike. Mapipa ya jana yalikuwa tayari, akachukua kijiti cha mti laini akakigonga kwenye kizibo cha juu kwa nyundo ya mbao, mara povu likatoka kando ya kijiti linachemka chii chii, akalifuta, likarudi. Akasema ukiona hivi ujue iko hai, mpaka hili povu litulie usiweke kijiti kigumu wala usiuze. Akaenda kwenye la jana yake, akagonga koki kwa pigo moja tu (ukipiga mara mbili unakoga bia), akachota kidogo kwenye glasi akaiinua kwenye taa, akanusa kabla hajaonja. Nikaonja na mimi, kaladha ka siagi kwa mbali. Akatikisa kichwa, bado, kesho jioni. Wateja wanaisubiri na yeye anasema kesho jioni! Hapo nilimheshimu kabisa.

Ile bia kusafika inategemea dawa inayotiwa pipani, inatengenezwa kwa vibofu vya hewa vya samaki vilivyokaushwa, inashika hamira na kuizamisha chini. Watu wa Mwanza mnavijua, ndo mabondo, yale ya sangara yanauzwa bei mbaya kwenda Asia. Viwanda vingine siku hizi wameacha kuitia kwa ajili ya wasiokula nyama, bia inabaki na ukungu kidogo, haina shida yoyote mradi mteja aambiwe.

Pabu ya mwisho iko juu mlimani, wateja wachache, na pale nikaona kale kakifaa kanakoingiza gesi ya kaboni badala ya hewa unapovuta bia, bila presha. CAMRA walikipinga miaka mingi, 2018 wakaacha kukipinga. Mimi nawaunga mkono kwa hilo. Kijijini ambako pipa linachukua siku tano kuisha, kifaa hicho ndo tofauti ya kuwa na bia ya pipa au kutokuwa nayo kabisa.

Jioni dada alipika ndizi nyama, nimelala kama gogo.

Jumamosi, Sheffield

Ukishuka tu kwenye treni kuna Sheffield Tap, mkahawa wa zamani wa abiria waliukarabati wakaufungua 2009, na wanapika bia hapo hapo nyuma. Lakini niliyoitafuta ni The Fat Cat kule Kelham Island. Dave Wickett aliichukua 1981, mji ukiwa chini ya viwanda vikubwa, akasema yeye atauza bia za viwanda huru. Mwaka 1990 akajenga kiwanda chake, Kelham Island, bustanini kwa pabu, na bia yao ya Pale Rider ikawa bingwa wa Uingereza 2004. Yale majitu ya Sheffield, viwanda vya Stones na Wards, yalifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, hiki kidogo kikabaki.

Na viwanda vidogo vikazaliwa kwa wingi kwa sababu nyingine pia, mwaka 2002 serikali ilipunguza ushuru nusu kwa anayetengeneza hektolita 5,000, yaani lita laki tano, au chini kwa mwaka. Lakini tusijidanganye, udogo hauwalindi kwa kila kitu. Kelham Island walitangaza kufunga 2022, gharama zimewazidi, lakini Pale Rider ikaendelea, ikapikwa kwenye kiwanda cha Thornbridge kule Bakewell. Hao hao Thornbridge 2024 wakaokoa seti moja ya yale mapipa ya kuchachushia ya kiwanda cha Marston's kule Burton mfumo ulipofungwa. Nilikunywa Pale Rider The Fat Cat kwa heshima zote. Iko vizuri.

Niliongea na kijana wa kaunta kuhusu bia inayolala kwenye bomba usiku. Yeye asubuhi anavuta ile ya kwanza yote anamwaga kabla mteja hajaingia, na mabomba wanaosha kila wiki. Kwetu London kuna wanaomuuzia mteja wa kwanza ile ya kwenye bomba. Tuache hiyo tabia jamani.

Jumapili, kwenye treni

Nimemwandikia bosi tayari. Pampu sita tulizonazo tuzifunge tatu, kuanzia Jumapili mpaka Jumatano tuendeshe mbili, ya tatu iingie Alhamisi. Mapipa tuanze na ya nusu, ya painti 36, kwa bia tusizozijua, ni ghali zaidi kwa painti maana kiwanda kinaosha pipa kwa gharama ile ile lakini ni nafuu kuliko kumwaga. Viwanda viwili vya Bermondsey tunaweza kufuata mzigo wenyewe kwa gari lake, kimoja cha Kent kinaleta London kila Jumanne nimeshaongea nao, na Harveys kwa bia ya kila siku. Muuzaji wa jumla tumbakize mmoja, yule mwenye ghala la baridi, na kila pipa lake tuulize namba ya mpiko kabla ya kusaini.

Kajibu sasa hivi, anasema pampu mbili siku za katikati ya wiki wateja watalalamika. Nimemwambia anipe mwezi wa kumi wote, na painti zitakazomwagwa niziandike ukutani kule chini kila siku aje azisome mwenyewe. Kasema sawa, oda ya kwanza ya Kent niitume kesho kabla ya saa sita mchana.